Ukitaka gari la bei nafuu, sharti uiname

Abiria wa feri ya Likoni wameizoea meli ile. Ni ndefu, imefungika pande zote, haina madirisha, kama ghala lililosukumwa baharini. Ikiingia Kilindini feri huisubiri ipite, na kila aliyesimama kivukoni anajua imebeba nini: magari yaliyotumika kutoka Japani. Siku chache baadaye utayaona barabarani Changamwe na Miritini, mengine yakifuatana kwa msururu, safari ya Uganda, Rwanda na Kongo.

Mlango wa magari yote haya ni Mombasa. Lakini mtu wa Mombasa mwenye mshahara wa kawaida hana lake ndani ya meli ile. Gari lake liko mtaani, chini ya mwarobaini, limeandikwa "linauzwa" kwenye kipande cha katoni. Ni Toyota 110 au Nissan B15 iliyokwisha pita mikono mitano, na mwenyewe anaapa kwamba "injini haijafunguliwa".

Nataka kulizungumzia gari hilo. Silidharau, kwani ndilo linalompeleka mama hospitali usiku wakati tuktuk hazipatikani, na ndilo linalobeba samaki na mboga alfajiri. Nataka kulizungumzia kwa sababu wengi wetu tunalinunua kwa hesabu mbovu, na serikali nayo inalitazama kwa hesabu mbovu zaidi.

Kwa nini tunanunua makuukuu

Wako wanaodhani watu wa Pwani wananunua magari ya zamani kwa mazoea tu. La hasha. Ni hesabu ya kodi.

Kenya haikubali gari lililotumika liingie nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane. Hiyo ni kanuni ya shirika la viwango, KEBS, inayojulikana kama KS 1515 ya mwaka 2000. Jirani zetu wamechagua njia nyingine. Tanzania inayaruhusu magari ya zamani lakini inayatoza zaidi, na Uganda iliweka mpaka wake kwenye miaka 15 mwaka 2018. Sisi mlango wetu ni mwembamba kuliko wa wote wawili.

Anayepita mlango huo hukutana na kodi iliyopandiana kama ngazi. Chukua gari dogo, injini isiyozidi 1500, ambalo KRA imelipa thamani ya shilingi 500,000. Thamani hiyo haitokani na risiti yako ya Japani. Inatoka kwenye orodha ya bei ya KRA wenyewe, ikipunguzwa kulingana na umri wa gari. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, kwa hivyo unafika 675,000. Juu ya hiyo weka ushuru wa bidhaa asilimia 20, unafika 810,000. Juu ya hiyo tena weka VAT asilimia 16, unafika 939,600. Bado hujalipa ada ya reli, ada ya tamko la forodha, gharama za bandari wala wakala. Kabla ya Julai 2023, ushuru wa forodha ulipokuwa asilimia 25, gari hilo hilo lingefika 870,000. Asilimia 10 zilizoongezwa pale chini ya ngazi zimezaa karibu shilingi 70,000 kule juu.

Mwalimu, askari wa ulinzi, muuza duka la rejareja: ni nani kati yao mwenye shilingi milioni moja mkononi? Kwa hivyo wanageukia yale yaliyoingia zamani. Toyota 110 ya mwisho iliundwa Japani mwaka 2000. Hakuna 110 mtaani leo iliyo chini ya miaka 25. B15 zilikoma mwaka 2004, na zile NZE za mwanzo zilikoma 2006. Sheria inalizuia gari kuukuu lisiingie, lakini haiwezi kulizuia lililokwisha kuingia lisizeeke.

Hapo pia pana mtego wa nambari. Watu husema, "Hii ni KB, si ya zamani sana." Herufi zile zinakuambia gari lilisajiliwa lini Kenya tu. Gari lililosajiliwa hapa mwaka 2008 huenda liliundwa mwaka 2001. Mwaka wa kuundwa umeandikwa kwenye logbuku, uutafute huko.

Hesabu ya jirani yangu

Jirani yangu mmoja wa Kisauni, mwalimu, alinunua 110 mwaka juzi. Mamake alikuwa akienda kliniki mara mbili kwa wiki, na pesa za teksi zilikuwa zinamla. Alikopa shilingi 320,000 kwenye sacco, na akawa anakatwa 10,600 na ushei kila mwezi kwa miaka mitatu.

Alikuwa ameonyeshwa magari mawili. La kwanza lilikuwa la mzee mmoja mstaafu, mwenye gari tangu lilipoingia nchini, na karatasi za matengenezo alizihifadhi ndani ya bahasha. Alitaka 420,000 na hakushuka. La pili lilikuwa la dalali, rangi mpya inang'aa, viti vimevalishwa ngozi, redio kubwa ya kioo, na bei ni 320,000. Kipya kinyemi, walisema wahenga, kingawa kidonda. Alichukua la pili, na mtaa mzima tulitoka kumpongeza.

Mwezi wa pili mvua ilinyesha na mamake akasema miguu yake imelowa. Walipoinua zulia, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, imezibwa kwa vipande vya bati na lami. Kuchomelea sakafu na kingo za milango: 45,000. Mwezi wa tano injini ilichemka kwenye foleni ya Likoni. Rejeta na gasketi ya hedi: 38,000. Tairi nne, kwa sababu zile alizopewa zilikuwa zimepasuka pembeni: 26,000. Bomba la breki lililotoboka kwa kutu, pamoja na pedi: 14,500. Bima ndogo ya mwaka: 7,500.

Jumla ni shilingi 131,000 ndani ya miezi kumi na moja. Ukiongeza bei ya kununulia, gari la 320,000 limekuwa la 451,000. Lile la mzee lililokuwa "ghali" lilikuwa 420,000, na hata kwa bima yake lisingefika alipofika yeye. Mimi mwenyewe nililiona lile la mzee likipita Nyali mwezi uliopita, limekaa kimya kama paka.

Kilichoniuma hasa ni mambo mawili. Lile bomba la breki halikupasuka mbele ya gereji. Lilipasuka kwenye mteremko, mama yuko nyuma, na Mungu tu ndiye aliyeleta kibaraza cha duka tupu mbele yao. La pili ni kwamba kwa zile wiki ambazo gari lilikuwa gereji, alilipa teksi na mkopo kwa pamoja.

Bei ya gari kuukuu haiko kwenye mkono wa muuzaji. Iko kwenye mwaka wa kwanza. Ukiwa na 320,000 usitafute gari la 320,000. Tafuta la 240,000 lililo zima, au ungoje, na ile 80,000 ikae kando, kwa sababu gari litaidai tu.

Chumvi na maji yetu

Fundi mmoja wa Shimanzi aliniambia kitu nilichokidharau mara ya kwanza. "Mwanangu," alisema, "gari la Nairobi linakufa kwa injini, la Mombasa linakufa kwa bodi." Nilimjibu, "Mzee, bodi si inapigwa rangi?" Akacheka, akaniita nilale chini ya gari moja. Huko juu lilikuwa bwana harusi. Huku chini ungeweza kutia kidole kwenye chuma.

Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na kutu haihitaji kitu kingine. Inaanza mahali pasipoonekana: kingo za chini ya milango, upinde wa juu ya gurudumu, sakafu chini ya zulia, mahali springi zinaposhika bodi, na mabomba membamba ya breki. Mswahili alisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na kwa gari la Pwani methali hiyo si mafumbo. Lala chini. Inua zulia. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa uipitishe kwenye bodi. Isiposhika, hapo pana filla, si bati. Lami mpya nyeusi iliyopakwa chini yote inaweza kuwa ulinzi mzuri, na inaweza kuwa kaburi lililopakwa chokaa. Gonga usikie.

Jambo la pili halisemwi sana, nalo ni maji. Mitaa mingi ya Mombasa inaishi kwa maji ya kisima, na maji hayo yana chumvi. Tunaoshea gari maji hayo hayo, tukidhani tunaliondolea chumvi ya bahari. Baya zaidi, tunayatia kwenye rejeta. Chumvi ile hugandana ndani ya mirija na kuila hedi ya alumini, kisha siku ya foleni na jua kali injini inachemka na tunalaumu Wajapani. Fundi naye, badala ya kuosha rejeta na kutia kulanti, anang'oa thamostati na kukuambia sasa litapoa. Litapoa kweli, kiasi kwamba injini haifikii joto lake la kufanyia kazi, inakula petroli zaidi na kuchakaa upesi. Kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi ni rahisi kuliko gasketi. Hata maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima.

Mengine ni ya kawaida lakini yataje. Liwashe gari likiwa baridi, usikubali muuzaji alilipashe moto kabla hujafika. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Uji mweupe chini ya kifuniko cha oili ni dalili kwamba maji yameingia mahali pasipo pake. Kwenye tairi tafuta nambari nne za mwisho ndani ya kiduara: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ikawa imezeeka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu tunao wa kutosha, kwa hivyo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hayajapungua. Na mpeleke fundi wako wewe, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali amekuja kazini kwa dalali.

Karatasi nazo zina kutu

Kuna kutu nyingine isiyoonekana kwa sumaku. Mtaani kwetu gari huuzwa kwa makubaliano ya mdomo, mashahidi wawili, na logbuku yenye jina la mtu aliyeuza miaka minane iliyopita. "Tutabadilisha baadaye." Baadaye haifiki.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inasema aliyeandikishwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake inakata pande mbili. Wewe uliyeuza bila kuhamisha, gari likimgonga mtu Mtwapa, wewe ndiwe utakayeitwa mahakamani kwanza. Na wewe uliyenunua, huna unachomiliki isipokuwa ufunguo. Mwenye jina akifa, warithi wake wanaweza kuja. Kama aliweka logbuku hiyo rehani, mkopeshaji anaweza kuja na lori la kuvutia magari, usiku, na karatasi zote ziko upande wake. Kabla hujatoa hata shilingi ya amana, lipia upekuzi wa rekodi za gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Utaona jina la mwenye gari na kama kuna anayelidai. Anayekwambia hakuna haja ndiye mwenye haja.

Na bima. Wengi wanalipia ile ndogo ya gari la kibinafsi kisha wikendi wanabeba abiria kwa nauli ili wasaidie mkopo. Naielewa shida hiyo. Lakini siku ya ajali bima hiyo ina njia ya kukukana, kwa sababu ulikata ya nyumbani ukafanya ya biashara.

Serikali na gari la maskini

Sasa tuje kwa wakubwa. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza kodi ya gari ya kila mwaka: asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Iliondolewa Juni mwaka huo, kabla ya mswada wote kutupwa baada ya maandamano. Lakini itazame vizuri, kwa sababu mapendekezo ya aina hii hurudi. Mwenye gari la thamani ya 120,000 angelipa 5,000, zaidi ya asilimia 4. Mwenye gari la milioni 10 angelipa 100,000, ambayo ni asilimia 1. Gari kuukuu lingetozwa kwa kiwango mara nne zaidi ya gari la kifahari.

Mwaka 2025 ikaja rasimu ya kanuni za ukaguzi, inayotaka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne tangu kuundwa yapelekwe kukaguliwa. Hapa sitaungana na wanaopinga moja kwa moja. Nimeshaeleza habari ya bomba la breki. Ukaguzi wa kweli ungeliona bomba lile, na barabara hizi tunazitumia sote, mwenye gari na mwenye miguu.

Ila miaka minne hesabu yake ni ipi katika nchi ambayo gari la kawaida linashuka meli likiwa na miaka saba? Karibu kila gari la mwananchi limevuka mpaka huo kabla hata ya kupata nambari. Japani wanakagua gari jipya baada ya miaka mitatu kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo ni moja ya sababu zinazowafanya Wajapani wauze magari yao yakingali mazima. Yao yanapata pa kwenda: yanakuja kwetu. Yetu yakifeli yataenda wapi? Hayatakwenda popote. Yataendelea kutembea usiku, njia za ndani, na kila kizuizi kitakuwa na bei yake.

Kama serikali inataka magari salama Pwani, ianze na yale yanayowezekana. Kituo cha ukaguzi kiwe karibu na watu. Mtu wa Lamu au wa ndani ya Tana River asimalize petroli ya wiki kwenda kuonyesha breki. Ukaguzi utazame breki, usukani, tairi, taa na kutu ya chesisi, usitafute makosa ya rangi. Anayefeli apewe karatasi ya kinachotakiwa na muda wa kukitengeneza, si notisi ya kesi. Pedi, mabomba ya breki na tairi vipunguziwe ushuru, kwa sababu ukivifanya ghali umemwambia maskini atafute vya mitumba, na breki ya mitumba ni kamari. Na vijana wetu wa magereji ya Changamwe na Shimanzi, wanaojua kazi kwa mikono bila cheti, wapewe njia ya kupimwa ujuzi wao na kuthibitishwa. Kaunti zina vyuo vya ufundi kwa kazi hiyo.

Hayo ni ya serikali, na serikali ina mwendo wake. Ya kwetu hayangoji. Jirani yangu bado analo gari lake. Amebakisha mwaka mmoja wa mkopo, na sasa linatembea vizuri, kwa sababu kila kilichoweza kufa kimekwisha kufa kikabadilishwa. Juzi alinikuta nimeinama kwenye gari la mpwa wangu anayetaka kununua, nimeshika tochi, fulana imejaa mchanga. Dalali alikuwa kando, amekunja uso, anasema wateja wengine wanangoja.

"Mwache aangalie," jirani akamwambia. "Mimi nilisimama wima, nikalipa laki na thelathini."